Niliulizwa Getini, Nikajibu "Hatuna"

"Mwanangu ana pumu." Maneno matatu tu. Siku ya Saba Saba mwaka 2023, kwenye geti la Hifadhi ya Taifa ya Saadani, niliulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa hayo matatu, nami nikajibu, "Hatuna." Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayefunga safari ya porini masika yakishakatika. Huo ndio msimu ambao wahifadhi wanachoma nyasi kwa makusudi, na ndio huohuo ambao sisi wenye watoto tunabahatika kupata sikukuu.

Saba Saba ile iliangukia Ijumaa. Baba watoto alibaki na duka. Tuliondoka Tanga mjini saa kumi na mbili asubuhi: mimi, dada yangu, mama mdogo, watoto wanne na dereva, tumebanana ndani ya Noah moja ya kukodi. Fedha nizitaje mapema, maana ndizo zilizonifunga mdomo getini. Gari kwa siku mbili, shilingi 240,000. Mafuta 130,000. Mahema na mahali pa kulala 180,000, tulizolipa kupitia kijana mmoja anayepanga safari. Kiingilio mbali. Mimi ni mshona nguo. Nilikuwa nadunduliza kwenye kibubu tangu kabla ya Ramadhani.

Hadi Pangani ilikuwa vumbi la ujenzi wa barabara. Tukavuka kwa kivuko hadi Bweni, watoto wakigombania ukingo wa kuangalia maji, kisha tukashika njia ya Mkwaja. Aliyewahi kupita huko anajua. Ambaye hajapita abebe maji na subira.

Getini fedha taslimu hawapokei. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa homa, nami nilikuwa nimeinua simu juu natafuta alama, nusu ya sikio ndiyo iliyokuwa kwa askari aliyeshika daftari. (Malizeni malipo mkiwa mjini. Laiti ningefanya hivyo, ningekuwa na masikio yote mawili.) Akasema, "Mama, leo tunachoma vitalu viwili vya nyasi magharibi ya njia kuu. Msipite njia ya bondeni, moshi ukikaa barabarani dereva haoni kitu. Halafu, kuna mwenye pumu, mwenye shida ya moyo, au mjamzito?"

"Hatuna."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kwanza, mtoto alikuwa hajabanwa kifua kwa karibu mwaka mzima, nikajidanganya kwamba yameisha. Pili, niliogopa tutarudishwa na zile laki zangu ziende na maji. Tatu, na hili naona aibu kuliandika, mama mdogo alikuwa amesimama ubavuni pangu, naye ni katika wale wanaoamini kwamba ugonjwa ukiutaja unauita. Kitindamimba wangu, ndiye mwenye pumu, wakati ule ana miaka tisa, aliniangalia. Alijua.

Baadaye askari yuleyule aliniambia asingeturudisha. Angetupa sehemu nyingine ya kulala, upande ambao moshi haukutarajiwa kufika, na angeandika kwenye daftari ili wa zamu ya usiku ajue. Hiyo tu. Swali lile halikuwa mtego.

Mchana ulikuwa mzuri mno. Saadani ni hifadhi ya peke yake kwa sisi watu wa pwani: pori linashuka mpaka mchangani, unaona twiga na ngalawa kwa jicho moja. Tuliona kuro, tuliona ngiri na watoto wake mkia juu, tukaona heroe kwa mbali. Na mnamo saa tisa tukauona moto.

Nieleze nilichokiona, kwa sababu picha ya moto wa porini iliyokuwa kichwani mwangu ilikuwa ile ya Kilimanjaro mwezi Oktoba 2020, mlima unawaka usiku na nchi nzima inaomba dua. Huu haukufanana nao. Miali ilikuwa chini, mingi haikufika magotini, na ilikuwa inatambaa taratibu ikielekea upepo unakotoka, si unakokwenda. Askari walikuwa wamejipanga kwenye barabara. Mmoja alitembea akidondosha moto kutoka kwenye kopo lenye mdomo mrefu, kama mtu anayemwagilia mchicha. Wengine walishika fimbo zenye kipande cha mpira cha kupigia moto, na trekta lenye tangi la maji lilisimama nyuma yao. Juu mwewe walizunguka wakidaka panzi wanaokimbia, na korongo wakatembea nyuma ya moto kwa madaha kama wakaguzi. Pale penye nyasi mbichi moto ulijizimia wenyewe. Kitalu kilibaki na mabaka, peusi hapa, pa kijani pale.

Nami nikafanya nini? Nikatoa simu nikarekodi. Nikaweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo maneno haya: "Saadani inaungua jamani, tuombeeni." Nilidhani nachekesha. Mtandao ukakatika papo hapo, sikujua kama ujumbe umekwenda.

Jioni tulifika kambini, mahema hatua chache tu kutoka mchangani. Moshi tuliuona kwa mbali umelala kuelekea bara, mwembamba kama shuka iliyoanikwa. Dada akauliza kama ni salama. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa: "Hii ni kusi, upepo unaotoka baharini. Moshi wote unakwenda Handeni huko."

Mimi ni mtoto wa mvuvi. Nimelelewa Kigombe, na kabla sijajua kusoma nilishajua kwamba kuna upepo wa mchana na upepo wa usiku. Mchana bahari inasukuma upepo nchi kavu. Usiku ardhi ikipoa, mambo yanageuka: unakuja umande, upepo wa bara, unateremka polepole kuelekea baharini. Huo ndio waliokuwa wakitokea nao wazee alfajiri, tanga wazi, bila kupiga kasia. Nilijua haya yote. Ila niliyajua kwa ajili ya nyavu, haikunipitia akilini kwamba kinachosukuma ngalawa kitasukuma na moshi. Mjomba wangu aliposikia habari hii baadaye alicheka mpaka akakohoa. "Mtoto wa nahodha umelala chini ya umande na moto uko bara!" Sina la kumjibu hadi leo.

Saa tano usiku kusi ilitulia. Majira ya saa nane niliamshwa na harufu, ile harufu tamu kidogo ya majani yaliyoungua. Miali ilikuwa imeshazimika kitambo, lakini magogo na visiki huendelea kufuka siku kadhaa, na moshi wa kitu kinachofuka ndio mzito zaidi. Hewa ya usiku ni baridi na imelala chini, haiupandishi juu. Unatiririka kwenye mabonde kama maji, na mwisho wa mabonde yale ni ufukweni. Ni pale tulipolala sisi.

Kisha nikasikia kifua chake. Mwenye mtoto wa pumu haulizi hiyo ni sauti gani. Ni filimbi ndogo kila anapotoa pumzi.

Makosa ya nusu saa iliyofuata nayaandika moja moja. Nilifunga zipu ya hema, kana kwamba kitambaa cha hema ni ukuta. Hewa ileile ilikuwa ndani, na sasa tulikuwa tumeifungia pamoja na watoto wanne. Mama mdogo akalowesha kanga akamfunika mtoto pua na mdomo. Kanga mbichi inazuia majivu unayoyaona. Chembe zinazobana mapafu ni ndogo mno, zinapita kwenye nyuzi kama dagaa kwenye jarife. Barakoa inayosaidia kwa moshi ni ile ya N95 iliyokaa sawasawa usoni, na hiyo ninayo sasa, wakati ule sikuwa nayo. Tena mtoto aliyebanwa kifua ukimziba pua na kanga mbichi unamwongezea hofu, na hofu inambana zaidi.

Nikachukua inhela. Ndiyo, niliibeba! Nilijisifu kwa sekunde tatu. Nikaitikisa, ikasikika kama ina kitu. Nikapuliza, ikatoa hewa. Nikampulizia mara ya pili, ya tatu, hakuna nafuu yoyote. Inhela ile ya bluu ya kawaida huwa na mipulizo 200. Ikiisha dawa, gesi hubaki, inaendelea kutoa sauti na ubaridi uleule, na wewe unadhani unampa mtoto dawa. Kuitikisa hakukwambii kitu, wala kuielesha kwenye maji kama nilivyowahi kufundishwa na jirani. Njia ni kuhesabu. Sasa hivi nyuma ya kila inhela nimebandika karatasi yenye tarehe ya kuifungua, na kijidaftari kinakaa naye kwenye mkoba wa shule, anajipigia mstari mwenyewe kila akitumia.

Dereva ndiye aliyetuokoa mwanzo. Alituingiza wote garini, akapandisha vioo, akawasha kiyoyozi akabonyeza kile kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya picha ya gari, kinachozuia hewa ya nje isiingie. Miaka yote ninapanda magari sikujua kazi ya kile kitufe. Baada ya dakika kumi harufu ilipungua. Filimbi haikupungua.

Sasa twende wapi? Dereva alitaka kutoka kwa njia ya bondeni kwa sababu ndiyo fupi. Njia ileile tuliyokatazwa. Mlinzi wa kambi akasimama mbele ya gari mikono juu, akakataa. Usiku hairuhusiwi kuendesha gari hifadhini bila ruhusa, na mbali na sheria, moshi uliolala barabarani usiku unameza taa zote. Ukiwasha taa kali ndiyo unajipiga mwenyewe machoni. Tena wanyama waliohama kitalu kilichochomwa huwa wako njiani, hawajui waende wapi. Mlinzi aliita kwa redio. Gari la askari lilifika baada ya dakika arobaini hivi, wakatuongoza kwa njia ya kuzunguka hadi zahanati ya kijiji kimoja. Yule wa getini alikuwemo. Aliniuliza jambo moja tu: "Amekuwa na pumu tangu lini?" Nikamwambia tangu ana miaka mitatu. Hakusema kitu. Ningependelea angenigombeza.

Wakati tunasubiri lile gari nilikuwa nahesabu pumzi zake kwa kutazama mbavu. Baadaye daktari alinifundisha dalili za kutosubiri hata kidogo: mtoto hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta hewa, nyama za kati ya mbavu zinaingia ndani kila akivuta, midomo inageuka rangi. Wangu alikuwa na mbili za kwanza.

Nesi wa zamu alikuwa dada mdogo tu, nadhani hajafika miaka ishirini na mitano. Inhela alikuwa nayo. Kile kifaa cha plastiki cha kuunganisha inhela na mdomo hakikuwepo. Akachukua chupa tupu ya maji ya nusu lita, akakata tundu kwenye kitako sawasawa na mdomo wa inhela, akapitisha inhela hapo na kuzungushia plasta. Mdomo wa chupa akamwekea mtoto kinywani. Mpulizo mmoja, kisha mtoto avute na kutoa pumzi taratibu, akimhesabia. Halafu mpulizo mwingine. Kumbe miaka sita yote nilikuwa nampulizia mtoto moja kwa moja mdomoni na dawa nyingi inaishia kwenye ulimi. Kufika alfajiri alikuwa amelala kifuani kwangu, filimbi imekuwa ndogo sana. Niliuliza gharama, akaniandikia shilingi 9,500. Ukilinganisha na zile 180,000 za kambi ambazo hatukuzimaliza hata usiku mmoja, nilitaka kucheka nikalia badala yake.

Asubuhi kusi ilirudi na hewa ikawa safi kama vile hakuna lililotokea. Watu waliolala kambi nyingine, niliokutana nao kwenye kivuko, hawakusikia hata harufu. Ndivyo moshi ulivyo: kilomita chache, bonde moja, na habari ni nyingine kabisa.

Tulipofika Pangani mtandao ukafunguka. Simu ililia mfululizo kama kengele ya shule. Ule ujumbe wangu ulikuwa umekwenda. Ulitoka kundi la ukoo ukaenda la wazazi wa darasa, ukaenda la harusi ya binamu, na mahali fulani njiani mtu akaongezea kwamba kuna watalii wamezingirwa na moto. Mama yangu alikuwa hajalala. Niliandika masahihisho, nikaeleza kwamba ule ni moto uliopangwa, unaosimamiwa, na kwamba sisi tumetoka. Masahihisho hayakusafiri hata nusu ya ile mbio. Ukiona moto hifadhini, muulize askari kabla ya kuuliza simu yako. Kama kweli ni moto kichaa, wao ndio wa kuujua kwanza. Kama ni wa kupangwa, watakwambia kwa nini.

Mimi nilichelewa kuuliza kwa nini, nikauliza wiki iliyofuata. Nilipiga simu hifadhini kuomba radhi kwa ile video, nikaunganishwa na afisa uhifadhi mmoja mwenye uvumilivu. Alinieleza hivi, nami naeleza kama nilivyoelewa.

Nyasi za pwani zikinyeshewa masika, Machi mpaka Mei, zinakua zikakupita urefu. Zitaungua tu. Kama si mwindaji haramu atakayeziwasha, ni mrina asali, ni mkulima aliyeshindwa kuuzuia moto wa shamba lake, ni kipisi cha sigara. Swali ni lini. Zikiungua Septemba au Oktoba, kabla ya vuli, zimekauka kabisa, moto unapaa, unaua miche na miti, unaingia kwenye misitu ya pwani kama ule wa Zaraninge ambao haukuzoea moto na haurudi upesi. Zikichomwa Juni au Julai bado zina unyevu, moto unakuwa wa chini, unaacha mabaka, na mabaka yale meusi ndiyo yanayokuwa ukuta moto kichaa ukija baadaye. "Ukinikuta nachoma Septemba," akasema, "ujue kuna mahali nilichelewa." Akaniambia pia kwamba upande wa Mkwaja palikuwa na ranchi ya ng'ombe iliyofungwa mwaka 2000, na vichaka vya migunga vimefunga sehemu kubwa iliyokuwa ya majani. Bila moto wa kiasi, mbuga inageuka kichaka, na walaji wa majani wanahama. Kuna na faida kwa mgeni: palipochomwa mnyama unamwona.

Nilimuuliza mbona hamchomi mchana wa kusi kali ili moshi uende zake. Akacheka. Upepo mkali unaukimbiza moto usishikike. Upepo ukikosekana kabisa, moshi unakaa. Wanatafuta katikati, na usiku hawana mamlaka nao. Ndiyo maana wanauliza getini.

Hapo nina neno, nisionekane nimejibebesha kila kitu. Yule kijana wa safari tuliyemlipa alijua. Dada alipompigia kumlalamikia alijibu kwamba kuchoma ni jambo la kila mwaka, na kwamba ukiwaambia wateja wanaahirisha. Basi waahirishe! Anayeuza safari ya Juni, Julai au Agosti porini aseme: kuna uchomaji, ulizeni tarehe na upande, na mwenye kifua ajipange. Mtu mzima akiambiwa anaamua. Siku hizi kabla sijamlipa mtu namuuliza swali hilo hilo, na akijikanyaga nafunga kibubu.

Tanga mjini tulikwenda hospitali Jumatatu. Siku tatu za kazi zilipotea, na dawa na vipimo vikala 64,000. Daktari alimsikiliza kifua, akaandika dawa ya kuvuta kila siku, ile ya kuzuia, tofauti na ya bluu ya kuokoa. Sisi tulikuwa tunategemea ya bluu peke yake. Kisha akauliza, "Nyumbani mnapikia nini?"

Mkaa. Jikoni kwangu dirisha ni moja, na jirani anachoma taka kila asubuhi upande wa pili wa ua, na mimi mwenyewe nachoma majani ya mwembe jioni kufukuza mbu. Nilikuja na hasira ya usiku mmoja wa moshi wa porini, nikatoka na hesabu ya siku mia tatu na ushei za moshi wa kwangu. Mtungi wa gesi tulinunua mwezi uleule kwa mkopo wa kikoba. Maharage bado napikia mkaa, siwezi kusema uongo tena, lakini napikia uani na mtoto akiwa shule. Jirani bado anachoma taka. Tumezungumza mara mbili.

Tulirudi Saadani siku ya Nane Nane, Jumanne, mwezi mmoja na siku moja baadaye. Baba watoto alidhani nimerogwa. Lakini mtoto ndiye aliyeomba, na daktari alikuwa ameridhika naye. Safari hii tulikuwa wanne tu, kwenda na kurudi bila kulala. Siku mbili kabla nilipiga simu kuuliza kama kuna uchomaji na ni upande upi, nikajibiwa kwamba vitalu vya karibu na barabara vimekwisha. Nilibeba inhela mbili, chupa iliyokatwa tundu, na barakoa za N95. Tulivaa viatu vya kufunika. Yule askari alikuwa ameniambia kwamba majivu yanaficha mashimo na makaa, na kuna mgeni aliwahi kuunguza nyayo kwa sandali kwenye kisiki alichodhani kimepoa.

Getini alikuwa askari mwingine. Kabla hajafungua daftari nikamwambia, "Huyu ana pumu. Dawa hii hapa, imebaki mipulizo 183." Akaandika. Mtoto akanirekebisha kwamba ni 182, asubuhi alitumia mmoja kabla ya kupanda gari. Akafuta akaandika upya.

Kile kitalu tulikipita saa tano. Mvua za mchoo zilikuwa zimepita kidogo, na juu ya ule weusi yalikuwa yameota majani mafupi, laini, ya kijani kile cha mpunga mchanga. Kongoni walikuwa kumi na mbili, wamejipanga wote wakitazama upande mmoja. Ngiri walipiga magoti wanakula. Tohe mmoja alisimama waziwazi ambapo mwezi uliopita nyasi zingemmeza mpaka pembe.

"Mama, hapa ndipo moshi ulipotoka?"

"Hapa hapa."

Akawahesabu ngiri. Akashusha kioo inchi chache, akanusa, akapandisha tena.

Saa tisa alasiri nilimwambia dereva tugeuze. Kusi ilikuwa bado inavuma.